Sharti Kwanza, Arubuni Baadaye

Mnunuzi wa nyumba ya kupangisha mjini Garissa leo anabeba hatari ambayo baba yake hakuibeba. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hatimiliki mkononi, na kiwanja ilikinunua kwa pesa zake kutoka kwa aliyekuwa na hati kabla yake. Majaji walirudi nyuma hadi mwaka 1989, kiwanja kilipotolewa kwa mara ya kwanza, wakaona kwamba ardhi ya umma iligawanywa bila kufuata utaratibu. Hati yenye asili hiyo, walisema, haitakasiki kwa kupita mikono mingi. Aliyenunua kwa nia njema hakuokolewa na nia yake.

Miezi mitano baadaye, tarehe 22 Septemba 2023, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya Torino Enterprises, safari hii kuhusu ardhi ya Nairobi. Ilisema barua ya ugawaji haimpi mtu umiliki. Ni pendekezo tu, linalosubiri masharti yake yatimizwe, na mwenye barua hawezi kumuuzia mwingine kitu ambacho yeye mwenyewe bado hajakipata.

Ukizisoma hukumu hizo mbili kwa pamoja, utaona kwa nini zinaugusa mji wa Garissa kuliko miji mingi. Kabla ya Katiba ya 2010, sehemu kubwa ya ardhi ya Kaskazini Mashariki ilikuwa ardhi ya amana, iliyoshikwa na mabaraza ya kaunti kwa niaba ya wenyeji. Viwanja vya mjini viligawanywa kwa barua. Mwenye barua alijenga vyumba sita, akapangisha, akauza. Aliyenunua akaongeza vyumba sita vingine, naye akauza. Mpaka leo kuna majengo ya kupangisha yanayoingiza kodi kila mwezi huku msingi wake ukiwa karatasi ya baraza ambalo halipo tena. Kodi inaingia, wapangaji wametulia, majirani wanamtambua mwenye nyumba. Lakini wakili akiitisha sachi, yaani uchunguzi wa rejista, kwenye ofisi ya ardhi, hakuna rejista ya kufungua.

Kwa hiyo swali la mnunuzi limebadilika. Zamani aliuliza, "Je, muuzaji ni mtu mwaminifu?" Leo hata mwaminifu kabisa anaweza kukuuzia hati yenye mzizi mbovu bila yeye mwenyewe kujua. Kinachobaki cha kukulinda ni masharti unayoyaandika kwenye mkataba kabla arubuni haijatoka mkononi mwako.

Nieleze kwanza sharti linafanya kazi gani kisheria, maana hapa ndipo wengi huteleza. Mikataba mingi ya mauzo nchini hufuata Masharti ya Mauzo ya Chama cha Wanasheria Kenya, toleo la 2015. Kwa kawaida mnunuzi hulipa arubuni ya asilimia 10 siku ya kutia saini, na mauzo hukamilika baada ya siku 90. Mmoja akichelewa, mwenzake humpa notisi ya siku 21. Mnunuzi asipotimiza baada ya notisi hiyo, anahesabiwa amevunja mkataba na arubuni yake inaweza kuliwa. Sharti linavuruga hesabu hiyo kwa faida yako. Ukiwa umeandika kwamba mauzo yanategemea jambo fulani kutimia, na jambo hilo lisitimie, hakuna aliyevunja chochote. Mkataba unakufa wenyewe na pesa zako zinarudi. Bila sharti, ukigundua kasoro siku ya 60 ukajitoa, wewe ndiye mkosaji mpaka uthibitishe vinginevyo mahakamani, na kesi ya ardhi unaijua inavyokaa.

Lakini sharti lililoandikwa ovyo halisaidii. Nimeona mikataba yenye mstari huu: "Mauzo yatakamilika stakabadhi zikiwa sawa." Sawa kwa nani? Kufikia lini? Na zisipokuwa sawa, pesa zinakwenda wapi? Ulinganishe na huu: "Mkataba huu unategemea muuzaji kumkabidhi wakili wa mnunuzi, kufikia saa kumi jioni tarehe 30 Septemba, cheti cha sachi rasmi kinachoonyesha jina lake bila zuio wala rehani, pamoja na nakala ya barua ya ugawaji, stakabadhi za malipo yaliyotakiwa na barua hiyo, na ramani iliyoidhinishwa. Visipokabidhiwa vyote kufikia wakati huo, mnunuzi anaweza kujitoa kwa barua, na wakili mshika amana atamrudishia arubuni yote ndani ya siku saba bila makato." Mstari wa pili ni mrefu na unachosha kuusoma. Ndio unaorudisha pesa.

Na uandikwe kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo. Ahadi iliyotolewa mbele ya wazee, ikaombewa dua na kuagwa kwa chai, ina heshima yake katika jamii yetu, lakini jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Garissa ataomba karatasi.

Sharti la kwanza, basi, ni la mzizi wa hati. Baada ya kesi ya Dina, sachi peke yake haitoshi, maana sachi inaonyesha rejista inavyosema leo. Haisemi ardhi ilifikaje kwenye rejista hiyo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaruhusu hati ipingwe ikiwa ilipatikana kwa hila, kinyume cha sheria, au bila utaratibu. Mtake muuzaji aonyeshe mlolongo wote: nani aligawiwa, mwaka gani, kwa barua gani, na kama alitimiza aliyotakiwa. Barua nyingi za ugawaji zilimpa mpokeaji siku 30 kukubali na kulipa. Itazame tarehe ya barua, kisha tarehe ya risiti. Barua ya Machi yenye risiti ya Novemba ni swali zito, na swali hilo linafaa kujibiwa kwa pesa za muuzaji, kabla ya zako kuingia.

Ikiwa kilichopo ni barua tu, bila hati, ushauri wangu hauyumbi: usinunue kwa sasa. Muuzaji akamilishe kwanza masharti ya kiwanja chake, apate hati kwa jina lake, ndipo mauzo yafanyike. Anaweza kutia saini leo mkataba unaotegemea hati kutoka ndani ya miezi kadhaa mliyokubaliana, na wewe usimlipe chochote mpaka itoke. Akihitaji pesa za kulipia reti zilizolimbikizwa, wakili wako azilipe moja kwa moja kwa kaunti, risiti ije kwako, na mkataba useme kiasi hicho ni deni la muuzaji mauzo yasipokamilika. Kuna sababu nyingine ya kuwa mgumu hapa. Kwenye ardhi iliyosajiliwa, baada ya kutia saini unaweza kuweka zuio kwenye rejista chini ya kifungu cha 71 cha Sheria hiyo ya Usajili wa Ardhi, ili muuzaji asimuuzie mwingine nyuma yako. Kwenye barua ya ugawaji hakuna rejista ya kuwekea zuio. Ndiyo maana kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili, na kila mmoja akaja na nakala yake.

Pembezoni mwa mji, ukielekea Modika kwa mfano, tatizo ni jingine. Huko mji unapanuka juu ya ardhi ya jamii. Kifungu cha 63 cha Katiba na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 vinasema ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa amana, na kaunti yenyewe imekatazwa kuiuza. Kama kaunti haiwezi, mzee wa ukoo mmoja atauza kwa mamlaka gani? Hapo hakuna sharti la mkataba litakalokuponya. Ukivuka daraja la Tana kuingia Madogo, jua umeingia Kaunti ya Tana River, yenye makao yake Hola; barua kutoka ofisi ya Garissa haina nguvu upande ule, hata kama wapangaji wote ni watu wanaofanya kazi Garissa mjini.

Nyumba za urithi zinastahili aya yao, kwa sababu majengo mengi mazuri ya kupangisha hapa yalijengwa na wazee waliokwisha kufariki. Mzee ameacha wajane wawili na watoto kumi na mmoja, mwana mkubwa ndiye anayekusanya kodi, naye ndiye anayekuuzia. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inawaachia Waislamu wagawane kwa sheria ya dini yao, na Mahakama ya Kadhi ina mamlaka pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Lakini hakuna dini wala sheria inayompa mtoto mmoja haki ya kuuza mafungu ya wenzake. Maslaha, yaani suluhu ya wazee, hutuliza ugomvi, na mimi ni mtu ninayeyaheshimu maslaha. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi wanaokaa kikaoni ni wanaume. Binti aliyeolewa Wajir au Nairobi hakuulizwa, na fungu lake limetajwa kwenye Kurani. Sharti lako liseme: muuzaji alete amri ya mahakama inayowataja warithi wote na kumpa mamlaka ya kuuza, pamoja na ridhaa ya kila mrithi mtu mzima iliyotiwa saini mbele ya wakili, wanawake wakiwemo kwa majina. Pasipo hayo, binti huyo akija miaka saba baadaye, atakuwa na haki na wewe utakuwa na jengo lenye kesi.

Sasa kodi yenyewe, ambayo ndiyo unayonunua. Anayenunua nyumba ya kuishi ananunua kuta. Anayenunua ya kupangisha ananunua malipo ya watu asiowajua. Chukua mfano wa jengo la vyumba 12, kila chumba Sh7,000 kwa mwezi. Dalali anakwambia linaingiza Sh84,000, yaani Sh1,008,000 kwa mwaka, na bei ni Sh10 milioni. Karibu asilimia 10, si vibaya. Lakini ukibisha hodi mlango kwa mlango, unakuta vyumba vitatu vinakaliwa na jamaa za muuzaji wasiolipa kitu. Kodi halisi ni Sh63,000, yaani Sh756,000 kwa mwaka. Kwa kiwango kile kile cha faida, jengo hilo lina thamani ya Sh7.5 milioni. Vyumba vitatu vya bure vimekugharimu Sh2.5 milioni, na hakuna aliyekudanganya waziwazi.

Ushahidi upo, ukiuomba. Kodi ya mapato ya kupangisha hulipwa kwa mamlaka ya mapato, KRA, kila mwezi; tangu tarehe 1 Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, kutoka asilimia 10 ya awali, kwa wanaopata zaidi ya Sh288,000 na wasiozidi Sh15 milioni kwa mwaka. Mwenye jengo la mfano wetu, kama kweli alipokea Sh84,000, alipaswa kulipa Sh6,300 kila mwezi. Andika kwamba mauzo yanategemea muuzaji kuleta risiti za KRA za miezi 12 pamoja na taarifa za M-Pesa au benki zinazolingana nazo. Asiye na risiti hana njia ya kuthibitisha kodi anayoitaja, na bei ishuke ifanane na kile kinachoweza kuthibitishwa. Pamoja na hayo, kila mpangaji atie saini karatasi fupi inayosema analipa kiasi gani, amelipa mpaka mwezi gani, na ameweka amana kiasi gani. Utashangaa ni wapangaji wangapi walikwisha lipa miezi sita mbele, pesa zikaliwa na muuzaji.

Maduka ya chini yana sheria yao, na wanunuzi wengi hawaijui mpaka wamekwama. Sura ya 301 ya sheria za Kenya inamlinda mpangaji wa duka au hoteli asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Huwezi kumtoa wala kumpandishia kodi bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, naye anaweza kuipinga mbele ya baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Ulinzi huo haukatiki jengo likiuzwa. Unamfuata mwenye jengo mpya. Kama mpango wako ulikuwa kuwatoa wenye maduka Ngamia Road ili ujenge ghorofa, na hukuandika sharti la kukabidhiwa maduka yakiwa matupu, mpango huo hauna miguu. Uliza pia habari za gudwili. Mfanyabiashara aliyemlipa muuzaji gudwili nono ya kuingia dukani anaamini amenunua haki ya kukaa, na atapigana nayo.

Wapangaji wa Garissa hutegemea mambo yaliyo nje ya mji. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa walitoweka baada ya shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148. Chuo kilifungwa mpaka Januari 2016, na waliojenga hosteli kando yake walikaa na vyumba vitupu. Mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi za Dadaab yalipunguza wafanyakazi Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025. Ukiambiwa jengo limepangishwa kwa shirika kwa miaka mitatu, soma mkataba huo mwenyewe na utafute kipengele kinachowaruhusu kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja pesa za wafadhili zikikatika. Mara nyingi kipo. Ukikikuta, bei isihesabiwe kwa miaka mitatu.

Kuhusu mto, ni lazima nikae kidogo, kwa sababu Tana humdanganya mgeni. Mafuriko ya Garissa huja anga ikiwa safi. Mvua inanyesha nyanda za juu, mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yanajaa na kumwaga, na siku kadhaa baadaye maji yanaingia mitaa iliyo karibu na mto, kama Bakuyu na Ziwani. Ilitokea mwishoni mwa 2023, ikarudi Aprili na Mei 2024, hata barabara ya kwenda Nairobi ikakatika. Ukikagua jengo mwezi wa Januari utaona ukuta mkavu uliopakwa rangi mpya. Iangalie rangi hiyo: ikiwa imepakwa hadi kimo cha kiuno tu, na vyumba vya nyuma havikuguswa, waulize majirani maji yalifika wapi. Kisha andika mambo mawili. La kwanza, ukaguzi wa pili ndani ya siku tatu kabla ya kukamilisha, na haki ya kujitoa jengo likiwa limeharibika tangu siku ya saini. La pili, kwamba barabara ikikatika na mpima ardhi au karani asiweze kufika, siku zako zinaongezwa kwa idadi ile ile ya siku zilizopotea. Siku 90 zinazoanza Februari zinamalizikia katikati ya mvua za Gu, yaani masika.

Wanaotumia benki za Kiislamu, kama Gulf African au Premier ambayo zamani ilikuwa First Community, wana mtego wa ziada. Katika murabaha benki hununua kwanza kisha hukuuzia kwa faida iliyokubaliwa. Ukikimbilia kutia saini kama mnunuzi kabla ya benki kusema mkataba uandikweje, unaweza kulazimika kuuandika upya, na muuzaji asikubali. Sharti liwe: barua ya benki yenye kiasi kisichopungua fulani itoke ndani ya siku 30, la sivyo arubuni irudi.

Kuhusu arubuni yenyewe, wasomaji wengi huniuliza kama ni halali muuzaji aile. Wanazuoni wametofautiana. Madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu hapa na pwani, hayakubali uuzaji ambao arubuni yake inapotea mnunuzi akijitoa. Imamu Ahmad bin Hanbal aliruhusu. Lakini hiari ya sharti, yaani haki ya kurudisha bidhaa ndani ya muda uliotajwa, ina mizizi katika Sunna, tangu Mtume alipompa siku tatu sahaba aliyekuwa akipunjwa sokoni. Fikihi ya Shafii haivuki siku hizo tatu, kwa hiyo sharti refu zaidi lijengwe juu ya jambo linalopaswa kutimia, lisijengwe juu ya mnunuzi kubadili nia. Mkataba ukiandikwa hivyo, muuzaji mcha Mungu hana sababu ya kuukataa.

Atakataa kwa sababu nyingine: ana mnunuzi wa pili mwenye pesa taslimu na asiye na maswali. Hilo ni kweli, na mnunuzi anayekuja na masharti ishirini hupoteza jengo. Dawa yake ni kufanya mapema yale yasiyohitaji mkataba. Sachi, kuwazungukia wapangaji, kumpeleka mpima ardhi akatafute bikoni za mipaka: yote hayo yanaweza kumalizika kabla ya saini. Yakibaki masharti manne au matano yenye tarehe fupi, muuzaji wa kweli atayavumilia. Anayekataa hata sharti la kuonyesha hati yake amekwisha kukujibu.

Kwa ndugu zetu walioko Minneapolis, London au Dubai wanaotuma pesa kwa shemeji au binamu anunue kwa niaba yao: hati ya uwakala isajiliwe, na pesa za hawala ziishie kwenye akaunti ya wateja ya wakili aliyekubaliwa kuwa mshika amana, kwa barua yake ya ahadi. Zikiishia mfukoni mwa muuzaji, sharti la kurudishiwa litakuwa maneno tu, kwa sababu pesa zimekwisha kununua ngamia. Na muuzaji akikuomba uandike bei ndogo ili apunguze kodi ya faida ya mtaji, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, kataa. Licha ya kuwa ni kosa kisheria, mauzo yakikwama utarudishiwa kile kilichoandikwa.

Siku ya kukamilisha, sachi ifanywe tena asubuhi ile ile. Ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya manispaa, uwe umekwisha tengwa kando. Amana za wapangaji zikatwe kwenye bei, kwa sababu kuanzia hapo wewe ndiye utakayezirudisha. Kodi ya mwezi huo igawanywe kwa siku. Mita za maji na umeme ziandikiwe fomu za kuhamishwa mezani hapo hapo. Kisha muuzaji na wewe mtie saini barua moja inayowaambia wapangaji walipe wapi kuanzia tarehe gani, na kila mpangaji akabidhiwe nakala yake na kuisaini kabla tarehe mosi haijafika.